Dubu Mweupe na Siku za Barafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu dubu mweupe tumemwona pichani tu, amesimama juu ya kipande cha barafu kinachoyeyuka. Maswali yanayofuata picha hiyo huwa ni yale yale: anakula nini, wamebaki wangapi, na kwa nini asihamie nchi kavu yakaisha. Majibu mengi hapa yanatoka magharibi mwa Ghuba ya Hudson, nchini Kanada, kwa kuwa dubu wa huko ni miongoni mwa waliofuatiliwa na wataalamu kwa muda mrefu zaidi duniani.

Dubu mweupe ni mnyama gani hasa?

Ni jamaa wa karibu wa dubu wa kahawia wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Walitengana miaka laki kadhaa iliyopita, mmoja akabaki msituni na milimani, mwingine akaishika barafu. Jina lake la kisayansi, *Ursus maritimus*, yaani dubu wa bahari, alipewa mwaka 1774 na nahodha Mwingereza Constantine Phipps. Jina limemkaa sawasawa. Ingawa ana miguu minne na hutembea kama mnyama wa nchi kavu, wataalamu humhesabu pamoja na nyangumi na sili (mnyama mnono wa baharini mwenye mapezi badala ya miguu) katika wanyama wa baharini, kwa sababu riziki yake yote iko baharini. Wainuiti, wenyeji wa Kanada na Greenland, humwita nanuq.

Dume aliyekomaa huwa na kilo 300 hadi 600, na wengine huzidi hapo. Jike huwa kama nusu yake.

Anaishi wapi? Hukutana na pengwini?

Hawakutani kamwe. Pengwini ni ndege wa upande wa kusini wa dunia, na dubu mweupe yuko Aktiki, upande wa kaskazini kabisa. Nchi zenye dubu hawa ni tano: Kanada, Marekani kupitia Alaska, Urusi, Norwe kupitia visiwa vya Svalbard, na Greenland iliyo chini ya Denmark. Karibu theluthi mbili ya dubu wote wako Kanada. Hata neno lenyewe Aktiki chanzo chake ni neno la Kigiriki lenye maana ya dubu, ingawa Wagiriki walikuwa wakizungumzia nyota za dubu za anga ya kaskazini.

Ni kweli kwamba si mweupe?

Ngozi yake ni nyeusi. Manyoya hayana rangi. Kila unywele unapitisha mwanga na ndani una uwazi, na mwanga unapotawanyika humo macho yetu huona weupe. Kuna hadithi ya zamani kwamba manyoya hayo huvuta mionzi ya jua na kuifikisha kwenye ngozi kama nyaya. Wataalamu waliipima na kukuta si kweli. Kinachomtia joto ni manyoya mazito pamoja na tabaka la shahamu chini ya ngozi, ambalo huweza kufika unene wa sentimita 10. Tabaka hilo ni blanketi, na pia ni ghala la chakula. Ukilielewa hilo, majibu mengine yote hapa yatakuwa mepesi.

Anakula nini?

Anakula sili, na katika sili anatafuta mafuta kwanza. Dubu aliyeshiba mara nyingi hula ngozi na shahamu, akaiacha nyama kwa mbweha wa Aktiki na ndege wanaomfuata nyuma. Sili anaowategemea zaidi ni wale wadogo wenye alama za duara mgongoni, kisha wale wakubwa wenye ndevu.

Uwindaji wake ni wa subira. Sili ni mnyama anayevuta hewa kama sisi, kwa hiyo majira ya baridi hutoboa matundu kwenye barafu na kuyaweka wazi kwa kucha. Dubu hulinusa tundu hilo hata likiwa limefunikwa na theluji, hulala au kusimama kando yake kimya, akangoja. Anaweza kungoja saa nzima na zaidi. Sili akiinua pua, kofi moja na meno humaliza kazi.

Msimu wake wa neema ni kuanzia Machi au Aprili hadi Juni. Hapo sili huzaa kwenye vishimo vya theluji juu ya barafu, na watoto wao ni wanono na bado hawajajua ulimwengu. Katika wiki hizo chache dubu hujijazia mafuta atakayoishi nayo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mkulima tungesema ndiyo mavuno yake. Sasa fikiria barafu inayovunjika wiki tatu mapema, katikati ya mavuno hayo.

Kwa nini asiwinde sili majini? Si ni mwogeleaji hodari?

Ni hodari wa kwenda mbali, lakini hana mbio za kumfikia sili majini. Sili yuko nyumbani humo. Barafu ndiyo inayomlazimisha sili kutokea mahali pamoja, na ndiyo inayompa dubu pa kusimama. Zaidi ya hapo, barafu yoyote haitoshi, inatakiwa iwe juu ya maji ya kina kifupi karibu na mabara, ambako samaki na sili ni wengi. Barafu inayorudi nyuma hadi katikati ya Bahari ya Aktiki, juu ya maji ya kina kirefu, ni kama shamba la mawe.

Kuhusu kuogelea, mwaka 2008 jike mmoja aliyevishwa ukosi wa setilaiti, yaani mkanda wa shingoni unaoonyesha alipo, katika Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, aliogelea siku tisa mfululizo, umbali wa kilomita 687, mpaka akaifikia barafu. Alipopimwa tena alikuwa amepoteza asilimia 22 ya uzito wake. Mtoto wake wa mwaka mmoja, aliyekuwa naye mwanzoni, hakuonekana tena. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado hainiondoki moyoni.

Kwa nini asizoee chakula cha nchi kavu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ni swali la busara. Dubu wa kahawia anakula kila kitu, huyu nduguye anashindwa nini?

Hashindwi kula. Akiwa nchi kavu hula matunda madogo ya porini, majani, mwani, mayai ya ndege, mizoga na mifupa. Tatizo ni hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia majike tisa katika Bahari ya Beaufort ukakuta kwamba dubu mmoja hutumia takriban kilokalori 12,325 kwa siku, mara 1.6 ya ilivyodhaniwa zamani. Hizo ni siku sita za chakula cha mtu mzima, zinatumika kwa siku moja. Wanne kati ya tisa walipoteza asilimia 10 au zaidi ya uzito ndani ya siku 8 hadi 11 tu, na hao walikuwa barafuni, msimu wa kuwinda.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, huu wa Ghuba ya Hudson. Dubu 20 walivishwa kosi zenye kamera wakiwa nchi kavu majira ya joto, wakafuatiliwa kwa takriban wiki tatu kila mmoja. Wengine walijilaza kabisa ili wasitumie nguvu. Wengine walihangaika huku na huko wakila matunda na kuokota ndege waliokufa. Watatu waliogelea safari ndefu. Mbinu zilikuwa tofauti, lakini dubu 19 kati ya 20 walikonda, wengine hadi kilo 1.7 kwa siku. Yule mmoja aliyenenepa alikuwa amepata mzoga wa mnyama wa baharini. Chakula walichokipata nchi kavu kiliishia kurudisha nguvu zilizotumika kukitafuta, basi.

Hulala usingizi mrefu majira ya baridi kama dubu wengine?

Hapana. Baridi ndiyo msimu wake wa kazi. Anayejifungia ni jike mwenye mimba peke yake.

Anazaaje, na watoto wangapi?

Dubu hupandana majira ya kuchipua, Aprili na Mei zaidi. Lakini yai lililorutubishwa halijishikizi mara moja kwenye mji wa mimba. Hukaa likielea, limesimama kukua, mpaka vuli. Ikifika wakati huo na mama hana mafuta ya kutosha, mimba haiendelei. Hivyo mwili wa mama hupima akiba yake kabla ya kuanza jambo kubwa kama hilo.

Mwenye akiba huchimba pango kwenye theluji, au kwenye udongo kama ilivyo Ghuba ya Hudson, akaingia. Huzaa kati ya Novemba na Januari, kwa kawaida pacha. Kila mtoto huzaliwa na gramu 600 hivi, hana meno na haoni. Mama mwenye kilo mia mbili na ushee humlea kiumbe mwenye uzito wa embe kubwa. Maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 31, na yote hayo yanatoka kwenye mwili wake, kwa maana hali chochote pangoni. Katika Ghuba ya Hudson, jike huweza kukaa miezi minane bila kula, tangu alipotoka barafuni majira ya joto hadi anaporudi na watoto Machi. Watoto wakati huo wana kilo 10 na zaidi.

Hubaki na mama yao miaka miwili na nusu hivi, wakijifunza kuwinda. Kwa hiyo jike huzaa mara moja kila miaka mitatu, akijaliwa. Mnyama wa uzazi wa polepole namna hii akipungua hawezi kurudi kwa mwaka mmoja au miwili.

Wamebaki wangapi duniani?

Makadirio yaliyotumiwa na Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira (IUCN) mwaka 2015 ni dubu 26,000 hivi, kati ya 22,000 na 31,000. Wamewekwa katika daraja la wanyama walio katika hatari. Kwa muda mrefu wamegawanywa katika makundi 19. Mwaka 2022 wataalamu walieleza juu ya kundi jingine dogo, kusini mashariki mwa Greenland, linalowinda juu ya vipande vya barafu vilivyomeguka kwenye mito ya barafu ya nchi kavu. Ni habari ya kutia moyo, lakini pwani za namna hiyo ni chache sana Aktiki.

Nimesikia idadi imeongezeka tangu miaka ya 1970. Basi tatizo liko wapi?

Baadhi ya makundi yaliongezeka kweli, na sababu yake inajulikana: risasi zilipungua. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiwawinda kwa ndege Alaska, na Svalbard walitegwa kwa bunduki zilizofungwa kwenye chambo. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepiga marufuku uwindaji tangu miaka ya 1950, na tarehe 15 Novemba 1973 nchi zote tano zilitia saini mkataba wa kuwahifadhi, mjini Oslo. Fikiria, Marekani na Wasovieti, katikati ya Vita Baridi, wakakubaliana juu ya dubu. Mkataba ule ulifanya kazi.

Lakini mkataba unaweza kumzuia mwindaji, hauwezi kuizuia barafu isiyeyuke. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Eneo la barafu ya bahari mwezi Septemba limekuwa likipungua kwa takriban asilimia 12 kila muongo. Ndiyo maana Marekani ilipomweka dubu mweupe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2008, sababu iliyotajwa ilikuwa kupotea kwa barafu.

Hali haifanani kila mahali. Dubu wa Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, wamekutwa wanono na wenye watoto, kwa kuwa bahari yao ina kina kifupi na sili tele. Majirani zao wa kusini mwa Beaufort walipungua kwa asilimia 40 hivi kati ya 2001 na 2010. Mtu akikuonyesha kundi moja lenye afya na kusema hakuna shida, au kundi moja lililoporomoka na kusema wote wamekwisha, amekuonyesha upande mmoja.

Ghuba ya Hudson kumetokea nini?

Barafu ya ghuba hii huyeyuka yote kila majira ya joto. Dubu hupanda nchi kavu karibu na Julai, hufunga, na kungoja igande tena Novemba. Kwa hiyo maisha yao ni hesabu ya siku: siku za barafu ni siku za kula, siku za nchi kavu ni siku za kufunga. Wataalamu wa dubu Ian Stirling na Andrew Derocher walionya mapema, mwaka 1993, kwamba joto likiongezeka, hapa ndipo patakapoumia mapema. Mwaka 1999 Stirling na wenzake wakaonyesha kwa vipimo kwamba barafu ikivunjika mapema, dubu hufika ufukweni wamekonda na watoto hupungua.

Sasa hukaa nchi kavu wiki tatu hadi nne zaidi ya ilivyokuwa miaka ya 1980. Idadi yao, iliyokadiriwa karibu 1,200 mwaka 1987, ilikuwa 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021. Soma hizo mbili za mwisho tena: miaka mitano, asilimia 27 hawapo. Wanaopungua zaidi ni majike na wadogo.

Ni kweli kuna mji wenye jela ya dubu?

Kweli. Churchill, jimbo la Manitoba, ni mji wa watu wasiofika elfu moja kwenye ufuko wa ghuba hiyo. Hakuna barabara ya kwenda huko, ni treni au ndege. Maji ya mito yasiyo na chumvi huganda mapema kando ya pwani yake, kwa hiyo kila Oktoba na Novemba dubu hukusanyika pale kungoja barafu.

Zamani dubu aliyeingia mjini alipigwa risasi. Miaka ya 1980 waliamua kujenga utaratibu mwingine: doria, mitego ya mapipa makubwa, na jengo la zamani la kijeshi lililogeuzwa mahabusu yenye vyumba 28. Dubu hupewa maji lakini hapewi chakula, asije akajifunza kwamba mjini kuna riziki. Barafu ikiganda huachiliwa, au hupelekwa kaskazini akiwa amelazwa kwa dawa, ananing'inia kwenye wavu chini ya helikopta. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wa mji wanapozunguka nyumba hadi nyumba kuomba peremende, walinzi huzunguka pia kuhakikisha njia ni salama. Wenyeji wengi huacha milango ya magari bila kufungwa, ili anayekutana na dubu apate pa kukimbilia.

Mji mdogo tu, lakini umefanya jambo ambalo vijiji vyetu vinavyopakana na tembo au simba vingelielewa mara moja.

Kwani hushambulia watu?

Mara chache. Kati ya 1870 na 2014 wataalamu walithibitisha mashambulizi 73 katika nchi zote tano, watu 20 wakafa. Lakini 15 kati ya hayo yalitokea ndani ya miaka mitano ya mwisho, 2010 hadi 2014, na wengi wa dubu walioshambulia walikuwa wamekonda. Februari 2019, kwenye visiwa vya Novaya Zemlya vya Urusi, hali ya dharura ilitangazwa baada ya dubu zaidi ya 50 kuonekana kuzunguka kijiji cha Belushya Guba. Kanuni kubwa huko ni kutunza taka. Dubu aliyekwisha kula jalalani hasahau.

Mbona Wainuiti bado wanaruhusiwa kuwinda?

Kwa sababu mkataba wa 1973 wenyewe uliwatambua wenyeji, na kwa sababu si wao walioleta tatizo hili. Kanada na Greenland huweka idadi maalumu kwa mwaka. Nyama huliwa, ngozi hushonwa nguo au huuzwa. Ini haliguswi, lina vitamini A nyingi kiasi cha sumu. Mabaharia wa Uholanzi waliokuwa na mvumbuzi Willem Barentsz huko Novaya Zemlya mwaka 1597 walilila wakaugua mpaka ngozi zikabambuka.

Wawindaji wengi wa Kiinuiti husema wanaona dubu wengi karibu na makazi kuliko zamani. Usione hilo kuwa ubishi. Dubu anayekaa nchi kavu siku nyingi huonekana zaidi, na mwenye kuishi naye anajua mambo ambayo ndege ya kuhesabia haiyaoni. Wanaopanga idadi ya kuwinda wanapaswa kuwa na mwindaji na mtaalamu wote wawili mezani.

Ile video iliyosambaa ya dubu aliyebaki mifupa mitupu si ushahidi tosha kwamba wanakosa barafu?

Inaumiza kuiangalia, lakini dubu mmoja anaweza kukonda kwa uzee, meno mabovu au maradhi. Ushahidi uko kwa mamia waliopimwa mwaka baada ya mwaka.

Ni kweli wanazaana na dubu wa kahawia?

Imetokea. Chotara wa kwanza wa porini aliyethibitishwa kwa vinasaba alipatikana kaskazini mwa Kanada mwaka 2006. Baadaye wataalamu waliwachunguza chotara wanane na kukuta wote wanatokana na jike mmoja mweupe. Ni ukoo mmoja tu, haujaanza uzao mpya wa kuokoa wenzake.

Barafu hiyo ikiyeyuka, bahari itapanda Zanzibar na Lamu?

Barafu ya bahari inaelea tayari. Weka vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, ngoja viyeyuke, kimo cha maji hakibadiliki. Inayopandisha bahari ni barafu ya nchi kavu, hasa Greenland na Antaktika. Na hapa pana jambo wengi hawalijui: barafu kubwa ya Greenland huyavuta maji kuelekea kwake kwa uzito wake, kwa hiyo ikipungua maji hulegea na kurudi mbali. Bahari hupanda zaidi kwetu huku joto kuliko pwani ya Greenland yenyewe. Chanzo cha kuyeyuka kwa barafu zote mbili, ya bahari na ya nchi kavu, ni kimoja, gesijoto zinazotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Kwa nini watu wasiwalishe tu?

Dubu mamia, kila mmoja akihitaji mafuta ya sili, kwenye pwani isiyo na barabara, kila mwaka bila kukoma, na kila dubu akijifunza kumfuata binadamu. Kwa kundi moja kwa msimu mmoja mbaya pengine ingewezekana. Kama njia ya kudumu, sioni.

Wataisha lini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipiga hesabu ya siku ambazo dubu anaweza kufunga kabla watoto hawajaanza kufa, kisha wakubwa. Gesijoto zikiendelea kwa kiwango cha juu, makundi mengi hayataweza kuzaa na kudumu ifikapo 2100, isipokuwa yale ya visiwa vya kaskazini kabisa mwa Kanada. Zikipunguzwa kiasi, makundi mengi zaidi yanabaki, ingawa mengine yatapotea hata hivyo. Barafu ya bahari ina sifa moja nzuri: hufuata joto la hewa kwa karibu. Joto likikoma kupanda, nayo hukoma kupungua.

Nikisoma habari za dubu weupe mwakani, nitazame nini?

Usianze na idadi yao, hiyo hupimwa mara moja kwa miaka kadhaa. Tazama tarehe ambayo barafu ya Ghuba ya Hudson imevunjika, na tarehe ambayo imeganda tena. Hesabu siku zilizo katikati. Kisha uliza majike waliingia mapangoni na uzito gani, na Machi wangapi walitoka na watoto nyuma yao.